Ngozi, uzi na sindano mbili: Kazi ya mikono kwa aliyestaafu

WATUMISHI wengi wa umma nchini Tanzania huondoka kazini wakiwa na umri wa miaka 60, na baadhi hustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55. Siku ya kuagwa kuna hotuba, zawadi na picha ya pamoja. Asubuhi inayofuata mstaafu huamka saa 11 alfajiri kama alivyozoea kwa miaka 30 au zaidi, akaoga, akanywa chai, kisha akagundua kwamba hakuna gari la kuwahi wala jalada la kufungua.

Katika wiki hizo za mwanzo ndipo washauri wanapojitokeza. Mmoja husifu biashara ya daladala, wa pili hutaja kuku wa mayai, wa tatu ana kiwanja anachotaka kukiuza. Wote huzungumzia kiinua mgongo. Ni wachache wanaozungumzia saa nane za mchana ambazo jana zilikuwa na kazi na leo hazina.

Makala haya yanaeleza kazi moja ya mikono ambayo mstaafu anaweza kuanza kujifunza bila kukigusa kiinua mgongo hicho, nayo ni kukata na kushona ngozi kwa ajili ya kujifurahisha: mikanda, pochi, ala za visu, vifuko vya miwani, na hatimaye makubadhi. Inafaa isemwe mapema kwamba inazungumziwa kama burudani. Wanaoigeuza kuwa mradi wa kibiashara katika mwaka wa kwanza wana matatizo yao, yatakayoguswa baadaye.

Kwa nini ngozi, na si bustani au bao? Bustani ni nzuri kwa mwenye ardhi na maji. Bao ni zuri pia, ila likiisha hakuna kinachobaki mkononi. Ngozi inahitaji meza moja, mwanga wa kutosha na vifaa vinavyoenea katika boksi la viatu. Mtu anaweza kusimama katikati ya mshono akaenda msibani, akarudi baada ya siku tatu akaendelea alipoishia. Pia ni kazi inayodai umakini wa aina ya pekee, kwa sababu tundu likishatobolewa halizibiki. Aliyetumia maisha yake kukagua hesabu au kusahihisha mitihani huenda akajikuta anaupenda ukali huo.

Wataalamu wa afya nao wamelitazama jambo hili. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Neurology lilichapisha utafiti wa Mayo Clinic ya Marekani uliofuatilia watu 256 wenye umri wa miaka 85 na kuendelea, kwa wastani wa miaka minne. Waliokuwa wakifanya kazi za mikono kama useremala, ufinyanzi na ushonaji, tangu umri wa kati hadi uzeeni, walionekana kuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 45 wa kupata dalili za awali za kudhoofika kwa kumbukumbu.

Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha uchambuzi wa watu 93,263 wenye umri wa miaka 65 na zaidi kutoka nchi 16, ukaonyesha kuwa wenye shughuli ya kujifurahisha walikuwa na dalili chache za sonona na waliridhika zaidi na maisha.

Takwimu hizo zinafaa kusomwa kwa tahadhari. Huenda mwenye akili timamu na afya njema ndiye anayeweza kushika sindano, wala si sindano iliyompa afya. Aidha, kati ya nchi hizo 16 hakuna hata moja ya Afrika. Kinachoweza kusemwa bila wasiwasi ni kwamba vidole, macho na akili vinavyofanya kazi pamoja kila siku havina nafasi ya kulala.

Ngozi yenyewe ina historia yake katika tiba ya namna hii. Baada ya vita kuu mbili za dunia, hospitali za kijeshi za Uingereza na Marekani zilitumia kazi za mikono, ya ngozi ikiwamo, kuwarejeshea askari majeruhi nguvu za vidole na utulivu wa akili. Kampuni ya Tandy ya mjini Fort Worth, Texas, iliyoanza mwaka 1919 ikiwauzia mafundi viatu bidhaa zao, iligeukia kuuza vifaa vya ngozi kwa watu wa kawaida baada ya mtoto wa mmoja wa waanzilishi, Charles Tandy, kuona jinsi kazi hiyo ilivyopendwa na wagonjwa wa jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili. (Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyonunua maduka ya redio ya RadioShack mwaka 1963, jambo linaloonyesha kwamba ngozi ilikuwa imelipa.)

Huku kwetu ngozi si ngeni. Watu wa pwani, kutoka Lamu hadi Kilwa, wamevaa makubadhi pamoja na kanzu kwa vizazi vingi. Wamaasai wameshona shanga juu ya ngozi, na wanawake wao ndio waliokuwa mabingwa wa kuikwangua na kuilainisha. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na huhesabiwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye mifugo mingi zaidi.

Pamoja na utajiri huo, anayetafuta kipande safi cha kutengenezea mkanda mmoja anaweza kuzunguka siku nzima asikipate. Sababu zinajulikana. Mfugaji hupiga chapa ya moto ubavuni au mgongoni, mahali ambapo ngozi ni bora kuliko kwingine. Miiba na kupe huacha makovu. Mchunaji machinjioni, akiwa na haraka ya nyama, huitoboa kwa kisu. Kisha huanikwa chini juani hadi ikakakamaa kama bati. Kila kovu la porini huonekana baadaye juu ya pochi.

Hapa ndipo mwanafunzi anapokutana na ugumu wa kwanza, nao ni wa lugha. Kiswahili kina neno moja, ngozi, kwa kitu kilicho juu ya mwili wa mtu, kilichowambwa kwenye ngoma, na kilichoshonwa kuwa kiatu. Sokoni inabidi kuuliza zaidi. Ngozi ya ngoma ni ngozi mbichi iliyokaushwa tu. Ikilowa huwa laini na kunuka, ikikauka huwa ngumu tena. Ngozi ya kiatu imesindikwa, yaani imetiwa dawa inayoizuia isioze, na kuna njia kuu mbili za kufanya hivyo.

Njia ya zamani ni ya magome ya miti. Magome yenye dawa hiyo husagwa na kulowekwa, na ngozi hukaa katika maji hayo kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Tanzania ina kiwanda chake cha dawa hii huko Njombe, ambako mashamba ya miwati yalianzishwa na kampuni ya TANWAT mwaka 1949. Kabla ya hapo magome ya mikoko ya pwani, pamoja na ya delta ya Rufiji, yalisafirishwa nje kwa kazi hiyohiyo.

Njia ya pili, iliyoenea tangu mwishoni mwa karne ya 19, hutumia chumvi za madini ya kromu. Huchukua siku moja au chache, na sehemu kubwa ya ngozi inayouzwa duniani leo imepitia huko. Hutoa ngozi laini, nyepesi, isiyoogopa sana maji, inayofaa kwa viatu vya kufunika, makoti na mikoba ya kukunjika.

Kwa anayejifunza, ya magome ndiyo bora. Hushika umbo, hukubali kupigwa nakshi, na ukingo wake ukisuguliwa hung'aa. Ya kromu hukimbia chini ya kisu na kukataa nakshi.

Namna ya kuzitofautisha si ngumu. Kata ukingo mdogo utazame katikati: ya magome ni ya kahawia tangu juu hadi chini, wakati ya kromu mara nyingi huonyesha mstari wa rangi ya kijivu au samawati hafifu. Dondosha tone la maji upande wa juu usiopakwa rangi: ya magome hunywa tone hilo na kuwa na doa jeusi kidogo, ya kromu hukawia. Harufu nayo husaidia. Muuzaji akisema "ngozi halisi" hajasema lolote kuhusu ubora, kwa kuwa hata tabaka la chini lililochanwa na kupakwa plastiki juu huuzwa kwa jina hilo. Lipo pia la unga wa ngozi uliogandishwa kwa gundi, ambalo huanza kubanduka baada ya muda mfupi. Hilo mstaafu aliepuke kabisa, hata likiwa la bure.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wapo wanaoutumia usemi huo kuwakatisha wazee tamaa. Ngozi ya magome haifuati sheria ya samaki. Hata ikiwa imekaa kabatini miaka mitano, ikiloweshwa maji hulegea, ikakunjwa upya, na ikikauka hubaki katika umbo jipya. Ndivyo vifuko vya visu na miwani vinavyofinyangwa bila mshono wa ziada.

Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba. Ngozi nzima ya ng'ombe inaweza kupita futi 20, ya mbuzi ni kama futi nne hadi sita. Anayeanza hana haja ya kununua nzima. Mafundi wa viatu na mikoba hubakiwa na vipande ambavyo kwao ni takataka, na kwa mwanafunzi ni darasa la miezi mitatu. Unene ndio wa kuangalia: pochi hutaka milimita moja hadi moja na nusu, mkanda hutaka tatu na nusu hadi nne. Anayefuata masomo ya video kutoka Marekani atasikia unene ukitajwa kwa wakia; wakia moja ni karibu milimita 0.4, hivyo ngozi ya wakia tisa au 10 ndiyo ya mkanda.

Vifaa vya mwanzo ni vichache kuliko maduka yanavyodai. Kinatakiwa kisu chenye makali ya kubadilisha, rula ya chuma, ubao wa kukatia, msharasi (ile sindano nene yenye mpini wa mti ambayo fundi viatu hutobolea), sindano mbili butu, uzi, kipande cha nta, msasa na nyundo. Bikari ya hesabu ya mjukuu hufaa kuchora mstari wa mshono sambamba na ukingo. Uma wa mezani, ukigandamizwa juu ya mstari huo, huacha alama za nafasi sawa za kutobolea. Mashine ya kushonea haimo katika orodha hii, na kuna sababu.

Sababu ni mshono wenyewe. Mashine hutumia nyuzi mbili, mmoja juu na mwingine chini, ambazo hukutana na kunasana katikati ya ngozi. Fundi wa barabarani anayevuta kitanzi kwa msharasi wenye ndoano hufanya jambo linalofanana na hilo. Uzi mmoja ukikatika, nusu ya mshono hulegea na mwingine hufumuka nyuma yake. Kila aliyewahi kuona mkoba ukiachia ghafla kituoni anaujua mfumuko huo.

Mshono wa mkono unaosifiwa duniani kote, na ambao watengeneza matandiko ya farasi waliuamini kwa usalama wa mpandaji, hutumia uzi mmoja wenye sindano kila ncha. Uzi hukatwa kwa urefu wa mara nne ya mshono unaokusudiwa, ukapakwa nta ya nyuki ili usichanike na ushike ndani ya tundu. Nta hiyo si ya kuagiza nje. Tabora imeiuza ng'ambo tangu enzi za ukoloni.

Ngozi hubanwa kati ya vipande viwili vya mbao vinavyoshikwa kwa mapaja, ili mikono yote miwili iwe huru. Sindano ya kwanza hupita tundu, uzi ukavutwa hadi pande zote mbili ziwe sawa. Katika tundu la pili sindano ya kushoto hupita kwanza, kisha ya kulia hupita katika tundu lilelile kutoka upande wake, ikijihadhari isiuchome uzi uliotangulia. Mikono huvuta kwa nguvu sawa. Mpangilio haubadiliki hata mara moja: kushoto kwanza, kulia pili, tundu baada ya tundu. Anayebadilisha katikati ataona mishono yake ikilala upande huu na ule kama mahindi baada ya upepo.

Mwishoni mshono hurudishwa nyuma matundu mawili au matatu na uzi kukatwa. Uzi wa nailoni huyeyushwa ncha kwa kiberiti. Wa pamba au katani hautaki moto. Uzi ukikatika baada ya miaka mitano, ule wa upande wa pili unakuwa bado umepita katika kila tundu, na mshono unashika. Hii ndiyo sababu pochi ya mkono huishi kuliko mfukoni inamowekwa.

Mafundi wengi huanza na kishikio cha funguo, ambacho hakihitaji kipimo cha mwili wa mtu yeyote. Baada ya vitano au sita vya namna hiyo, mkanda ni hatua ya haki, kwa kuwa hufundisha kukata mstari mrefu ulionyooka. Hukatwa sambamba na uti wa mgongo wa mnyama. Ngozi ya tumboni hurefuka ikivutwa, na mkanda wa tumboni humaliza mwezi ukiwa na matundu mapya.

Kosa linalorudiwa na wanafunzi ni kupima mkanda kwa namba ya suruali. Namba hiyo si urefu wa mkanda. Uchukuliwe mkanda wa zamani unaomkaa mhusika vizuri, upimwe kutoka bizimu hadi tundu analolitumia. Tundu hilo ndilo litakuwa la katikati kati ya matano, yakiachana sentimita mbili na nusu, ili akinenepa au kukonda asirudi kulalamika. Kisha huongezwa ngozi ya kukunja kwenye bizimu na mkia wa kutosha mbele.

Ukingo ndio unaomtambulisha fundi. Husuguliwa kwa msasa, ukaloweshwa kidogo, kisha ukapikichwa kwa kipande cha mti mgumu au kitambaa kizito cha jinzi hadi upate joto na kung'aa kama kokwa la embe lililonyonywa. Ni kazi ya nusu saa isiyo na njia ya mkato, na ndiyo ambayo wastaafu, kwa kuwa na muda, huwashinda vijana.

Makubadhi yasubiri. Mguu hauna msamaha kama kiuno. Unyayo huchorwa mtu akiwa amesimama, na jioni ndiyo saa nzuri, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Gidamu ikikosewa sentimita moja tu, kiatu kizima hupotea njia.

Ipo hatari isiyofahamika sana mjini, nayo ni ya ngozi mbichi. Wapo wanaotamani kuanza na ngozi ya mbuzi wa Idi au wa Krismasi na kuisindika wenyewe uani. Ya mnyama aliyechinjwa mzima na kukaguliwa ina nafuu, ingawa harufu yake itagombanisha majirani. Ya mnyama aliyekufa mwenyewe isiguswe kabisa. Kimeta, ugonjwa ulioripotiwa mara kadhaa katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, huenea pia kwa kushika ngozi ya mnyama mgonjwa, na mbegu zake hudumu kwa miaka mingi. Mstaafu anunue ngozi iliyosindikwa, basi.

Gundi ya viatu ina mvuke unaolewesha na kushika moto. Ifanyiwe kazi barazani, mbali na jiko. Mabaki ya ngozi ya kromu yasichomwe jikoni wala kwenye moto wa takataka, kwani joto linaweza kuigeuza kromu kuwa aina yenye sumu. Kisu butu hukata watu zaidi ya kisu kikali, maana hulazimisha nguvu na huteleza. Mwenye kisukari, ambaye kidonda chake hukawia kupona, avae kinga ya kidole na asijaribu miguuni makubadhi ambayo misumari yake haijapapaswa kwa mkono.

Macho yahesabiwe pia. Miwani ya kusomea na taa inayotoka upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia huondoa nusu ya uchovu. Vidole vyenye baridi yabisi havihitaji kuvuta sindano peke yake. Koleo ndogo huvuta vilevile. Baada ya dakika 40 ni vizuri kusimama na kunyoosha mgongo.

Mwalimu aliye karibu kuliko wote ni fundi viatu wa mtaani, na hapa ndipo aibu inapoingia. Aliyekuwa mkuu wa shule au mkurugenzi wa halmashauri anaona tabu kukaa kwenye kigoda chini ya mwembe, kando ya kijana wa miaka 25, wapita njia wakimwamkia "Shikamoo mzee" kwa mshangao. Kijana naye huona haya kumsahihisha mtu wa umri wa baba yake. Mara nyingi ni mzee ndiye inabidi avunje ukimya huo, amwite "fundi" kwa heshima ile anayomwita daktari, na alipie muda wake. Aliyemaliza wiki mbili hapo hujua kunoa kisu, kutia nta na kusoma upande wa ngozi unaovutika, mambo ambayo video hayaonyeshi vizuri kwa kuwa yanahitaji kugusa.

Kwa anayetaka darasa rasmi, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, limekuwa likitoa mafunzo ya bidhaa za ngozi, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ina kampasi ya Mwanza inayofundisha teknolojia ya ngozi. Nchini Kenya mahali pa kutembelea ni soko la Kariokor jijini Nairobi, ambako mafundi wa sandali na mikoba hufanya kazi mbele ya wateja. Jina la soko hilo na la Kariakoo ya Dar es Salaam yana asili moja, kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza. Wastaafu wa kike, walimu na wauguzi hasa, wasidhani kazi hii ni ya wanaume: aliyewahi kudarizi foronya ana mkono ambao mwanamume huuhangaikia mwaka mzima.

Halafu fedha. Baada ya mkanda wa tatu kuonekana kanisani au msikitini, watu huanza kuuliza bei, na mstaafu huanza kupiga hesabu za mashine, fremu ya duka na vijana wawili wa kumsaidia. Hapo kiinua mgongo hutolewa benki. Kanuni za mwaka 2022 ziliweka mkupuo huo kuwa asilimia 33 ya mafao, na mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa baadhi ya makundi. Kwa hesabu yoyote, ni fedha isiyopatikana mara ya pili.

Taifa lenyewe lina kumbukumbu ya jambo hili. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni nne kwa mwaka, nyingi zikiuzwa Ulaya. Kilikuwa na mashine za kisasa. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 10 ya uwezo wake, kuta zake za bati la alumini zisizo na hewa hazikuifaa hali ya joto ya Morogoro, na uzalishaji ulikoma mwaka 1990. Mashine zilitangulia, ujuzi na soko havikufuata. Ni mfano mkubwa kwa mtu wa pochi tatu, lakini mpangilio wa makosa ni uleule.

Anayetaka kuuza kidogo afanye hivyo kwa daftari. Aandike bei ya ngozi, uzi na bizimu, kisha aandike saa alizotumia. Wengi hugundua kwamba pochi iliyomchukua jioni nne inauzwa kwa bei ya pochi ya plastiki ya dukani, na kwamba saa zao wamezitoa bure. Kwa burudani hilo si tatizo, mradi lijulikane. Oda ya mikanda 50 ya shule ni tatizo, kwa kuwa hugeuza barazani kuwa ofisini, pamoja na tarehe ya mwisho na bosi wa kulalamika.

Ngozi iliyobaki ihifadhiwe ikiwa imeviringishwa, isikunjwe, na ifunikwe kwa kitambaa badala ya mfuko wa plastiki unaoiotesha ukungu, hasa pwani wakati wa masika. Ukungu ukiota, hufutwa kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba na ngozi ikaanikwa kivulini penye upepo. Jua kali na moto huikausha hadi ikapasuka. Na kila kitu kinachotoka mezani, hata kishikio cha funguo cha mjukuu, kipigwe mwezi na mwaka upande wa ndani kwa ncha ya msharasi, ili kikirudi siku moja kwa matengenezo fundi ajue ni mshono wa lini, na ni uzi gani ulioachia.